Kengele ya Kona ya Mto

Mume wangu Baba Anna,

Sisi hapa Mwazye wazima. Baridi imeanza, ila nikikulalamikia wewe uliyeonja theluji ya Kanada utanicheka. Uliniuliza kwenye simu kama uongeze mkataba huko au urudi, nikakwambia subiri nifikirie. Basi nimefikiria.

Jana mchana Anna alinionyesha video uliyomtumia, ya barabara unayopitisha lori. Mto upande mmoja, misonobari upande wa pili, kimji kidogo, kisha misonobari tena. Nikamuuliza mwanao, "Watu wako wapi?" Akasema, "Ndiyo kulivyo huko, mama." Mungu wangu! Lami nzuri vile, na huna hata mtu wa kumuuliza habari za kutwa.

Barabara yetu ni vumbi tupu, lakini nayo inafuata mto kutoka gulioni mpaka hapa kwetu. Ulikuwa ukirudi na baiskeli, ukifika kwenye kona unapiga kengele, nami nabandika maji ya ugali. "Mimi ugali uliopoa sili," ulisema wiki ile ile uliyonioa. Jeuri wewe!

Unakumbuka siku ya mvua? Kengele nimeisikia, ugali wa ulezi umeiva, umepoa, wewe huonekani. Nikakimbia kukutafuta, mwiko bado mkononi. Nikakukuta umekaa kwenye tope, baiskeli imelala mtaroni, unacheka. "Lakini ulinisikia?" ukaniuliza. Nilikugombeza njia nzima mpaka nyumbani.

Siku hizi bodaboda zinapita pale na honi zao, wala hazinihusu. Anna akirudi shule ya bweni, napika kidogo, nakula nimesimama. Majirani wakiniuliza nasema nimezoea. Sijazoea, Baba Anna. Upweke unaniumiza, na fedha unayotuma haikai kwenye kigoda ikapiga soga nami.

Sasa ile video. Karibu na mwisho mto unapinda, barabara nayo inapinda. Hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Nawe ukapiga honi, ndefu. Anna akacheka mpaka akajishika mbavu: "Baba anampigia nani?"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshasimama, sufuria mkononi, nachota maji.

Nimekusikia, mume wangu. Rudi nyumbani.

Mkeo,
Mama Anna