Kufuli Lako Bado Liko Njia ya Nne

Kaka Lusana,

Msimamizi wa mradi kaniambia leo mchana kwamba treni ya kwanza itaingizwa njia ya nne Jumatano, saa mbili asubuhi, ikiongozwa na taa mpya za ishara. Amesema kimebaki kitu kimoja tu: kufuli lako.

Shikamoo. Nimeanza na habari kwa sababu ndivyo ulivyonizoesha. Nikikupigia simu, hata salamu hazijaisha, ulikuwa unasema, "Haya mwandishi, toa kichwa cha habari, maelezo utanipa nikishakula."

Karakana ya treni imepanuka tangu tukuzike Bujora. Njia mpya zimefika hadi kwenye yale mawe uliyokuwa ukikalia kula mihogo. Nguzo za taa zimesimama, nyaya zimefukiwa. Njia zote zinafanya kazi isipokuwa ya nne. Pale kwenye sanduku la umeme wa pointi, zile reli zinazosogea kuhamisha treni kutoka njia moja kwenda nyingine, linaning'inia kufuli jekundu lenye jina lako. Kila fundi anayeingia relini hufunga la kwake ili umeme usiwashwe akiwa kazini, na mwingine haruhusiwi kuligusa. Ulilifunga asubuhi. Mchana ukaanguka, hukuamka tena. Ufunguo ulitoka hospitali pamoja na shati lako. Ninao.

Walitaka kulikata. Mdogo wetu Masanja, aliyeshika nafasi yako, ndiye aliyekataa. "Kufuli la fundi si la banda la kuku," aliwaambia. Basi wamekubaliana nije nilifungue mimi.

Naogopa, kaka. Sijui ulilifunga kwa nini.

Mafundi wenzako nimewauliza mmoja mmoja. "Labda alikuwa anapaka grisi tu, dada." Labda si jibu. Msimamizi anasema vipimo vya kwanza vilionyesha pointi ile ni nzima. Lakini Jumapili ya mwisho, kwa Mama, ukitoa miba kwenye sato, ulisema, "Ile ya nne siielewi. Inakubali haraka mno." Mimi nikadakia, "Kama wewe na ugali." Tukacheka, Mama akakuongezea tonge, maneno yakapita. Sasa hayapiti. Nayasikia nikiwa ofisini, nikiwa sokoni, mchana kweupe.

Jumatano Masanja atasimama kando ya pointi ile na redio mkononi. Taa ikiwaka kijani wakati reli haijakaa sawasawa, behewa litaruka nje ya reli pale pale aliposimama. Mama hajui. Leo kampigia pasi sare yake na kuniuliza mbona siongei. Nimeripoti ajali nyingi na habari ikafika kwa wakati. Leo nimeushika ufunguo huu mdogo nikalazimika kuuweka mezani.

Unakumbuka nilipokuja kuandika habari ya karakana? Ulichomeka kipande cha mbao katikati ya reli, ukaamuru pointi isogee. Haikuweza kufunga, na taa ikabaki nyekundu. Ukanitazama kwa kiburi chako kile. "Umeona? Siku ikikubali na kuwasha kijani na mbao ndani, usipande treni yangu."

Jaribio hilo ndilo nililomwomba msimamizi leo. Kwanza alicheka: "Dada, mambo haya yana wenyewe." Nikauliza tena, kwa sauti ile ile. Akaangalia njia ya nne, akasema hata yeye atalala vizuri zaidi. Tutajaribu saa moja asubuhi, kabla treni haijaletwa. Masanja atachomeka mbao kisha atatoka relini. Mimi nitaangalia taa.

Nitalifungua mwenyewe. Taa ikibaki nyekundu, nitampa Masanja kufuli lako na sitamsumbua tena. Ikiwaka kijani na mbao ingali ndani, nitalirudisha kwenye sanduku, nilifunge, nitie ufunguo mfukoni, na hakuna treni itakayopita. Nakuahidi hivyo, hata wanifukuze pale kwa walinzi.

Pumzika, kaka. Swali lako nimelibeba mimi.

Jumatano, saa moja asubuhi, njia ya nne.

Mdogo wako,
Kabula