Karatasi ya Papa Nissim

Jumatano, 2 Septemba 1964
Suruali mbili, kanzu moja. Mashini inakata uzi tena. Siku ya sita Papa Nissim yuko kwangu, nyuma ya pazia. Ni Myahudi, mwenye duka la vitambaa ninakoshona. Waasi wanatafuta wazungu nyumba kwa nyumba. Naogopa. Lakini mume wangu alipokufa, huyu alikaa matanga siku zote tatu, chini, kwenye mkeka. Simtoi.

Ijumaa, 4 Septemba
Kanipa karatasi iliyokunjwa. Jina la mama yake na dua. Kwao dua huchomekwa katikati ya mawe ya ukuta mmoja kule Qudsi, mji mtakatifu, uliobaki wa hekalu lao la zamani. Pale, anasema, hata asiyejua kuomba husikilizwa. Miaka hii Wayahudi hawaruhusiwi kufika. Nikacheka: ukuta huo naujua! Marehemu baba alitusimulia, ndipo Mtume alipomfunga mnyama wake Buraki usiku wa Miraji. Kaka yangu Ramazani akijaliwa kuhiji, atapitia Qudsi aipeleke. Papa Nissim akalia. Na mimi nikalia, mjinga mie.
Nimeishonea kitambaa cheusi isilowe. Naivaa shingoni.

Jumatatu, 7 Septemba
Wamekuja. Watatu, na bunduki. Mkubwa wao akaona kamba shingoni, akaivuta, akafumua. Herufi zile za Kiyahudi! Basi, nimekwisha. Pazia hatua mbili tu.
Akakodoa macho. "Hii iko Kiarabu?"
Hakungoja jibu.
"Bon, vizuri. Iko dawa ya nguvu. Mama, unisamehe, mi sikujua."
Akairudisha kwa mikono miwili. Wana miiko yao, dawa ya mutu haichezewi. Wakatoka kinyumenyume, pazia hawakuligusa.
Kumbe nilishona hirizi! Kitambaa cheusi, kamba, vilevile alivyoshona baba. Alhamdulillah. Alhamdulillah.

Jumanne, 8 Septemba
Kwao ni mwaka mpya. Nimempikia samaki. Ngolo, yule kambare wa mtoni, hali, hana magamba. Kala sahani mbili, mzee huyu! Anasema dua imejibiwa kabla ya kufika ukutani. Nikamwambia itafika tu, ahadi ni ahadi.

Ijumaa, 4 Desemba
Waasi wamefukuzwa, mji umetulia kidogo. Papa Nissim kapanda ndege juzi, mzima. Kabla ya kuondoka aliomba karatasi yake na kalamu, akaongeza jina chini ya la mama yake. Langu.
Leo baada ya swala nimelitazama sana. Sijui kulisoma. Nimeishona upya, kitambaa kilekile.