Mwalimu Lal Bakhsh, Aliyefundisha Ngumi Kurudi

Mwaka umetimia sasa, Baba Sabzal, mume wangu, tangu vijana wa klabu ya ngumi wakushushe na jeneza kwenye ngazi zetu za ghorofa ya tatu. Ngazi zile zile zilizotushinda miezi kumi na minne. Zina kona mbili, na kila tulipojaribu kukushusha na kiti ukapunge hewa ya mtaa wetu wa Lyari, tulikwama kona ya kwanza, nawe ukatuambia kwa nusu ya mdomo iliyobaki, "Nirudisheni, majirani wanataka kupita."

Kabla ya kiharusi ulikuwa mtu wa nje. Chai yako ya maziwa uliinywea kwenye kisahani, umesimama, kisha huyo klabu. Miaka thelathini na moja uliwafundisha vijana wa mtaa kasi ya ngumi. Hukuwapa vyuma vya kushika mkononi. Ulisema chuma kinaufundisha mkono uzito. Ulitaka walegeze mabega, watoe pumzi, na ngumi irudi upesi kuliko ilivyokwenda. "Ngumi yako inaenda sokoni, inapitia kwa shangazi kunywa chai, ndiyo inarudi," ulimwambia mtu mzima mbele ya wenzake, na yeye mwenyewe akacheka.

Kisha upande wa kulia ukafa. Ukabaki na kitanda, feni, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Umeme ukikatika nilikupepea kwa kipande cha boksi. Kila baada ya saa mbili nilikugeuza, nikakupaka poda mgongoni. Hukulalamika. Ulihesabu nyufa za ule ukuta, na siku moja ukaniambia, "Mama Sabzal, zimeongezeka mbili."

Aliyekupa kazi tena ni Mahpari, binti wa Sabzal wetu. Alikuwa na miaka kumi na saba, anajiandaa kwa majaribio ya timu ya wasichana ya jimbo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mvivu kurudi. Ukamkalisha kwenye kasha la mbao kando ya kitanda. Ukafungua kiganja chako cha kushoto, kile kizima. Yeye apige katikati, arudishe kabla vidole havijamfunga. Na sharti ukaliweka: asipokuponyoka mara kumi mfululizo, haendi.

Miezi mitano ulimnasa. Mimi nachambua dengu pale sakafuni, nawasikia.

"Nimekushika."

"Babu, umefunga kabla sijapiga."

"Kanishtaki polisi. Tena."

"Mkono wako una gundi."

"Wako una usingizi. Tena."

Siku nyingine alifika nane, ukamkamata ya tisa, ukakaa umemshika kifundo cha mkono mkicheka wote wawili, na hawezi kujichomoa.

Ijumaa, zimebaki siku mbili kabla ya majaribio, asubuhi ulidondosha kikombe. Mahpari alikuwa shuleni. Nikakuwekea kipande cha mkate kiganjani, vidole havikufunga. Nikainuka nikamwite daktari.

"Kaa," ukasema. "Daktari akija, mtoto haendi."

"Na wewe je?"

"Mimi naenda wapi? Usimwambie."

Nikakaa.

Alasiri Mahpari akapiga kumi, na zote kumi zikarudi. Akaruka, akapiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. "Usivimbe kichwa," ukamwambia. "Leo nilikuwa natazama feni." Mimi nikaingia jikoni, nikawasha jiko bila kuwa na cha kupika.

Jumapili alishinda pambano la kwanza, akapoteza la pili, hakuchaguliwa. Aliporudi ulimwuliza neno moja tu, "Kushoto?" Akajibu, "Hawakuugusa, Babu." Ukafumba macho umeridhika. Ndipo nikamwita daktari. Akasema damu imeganda upya kichwani, na hukupona. Sikumwuliza kama kuja kwake Ijumaa kungesaidia. Mpaka leo sijamwuliza, na kila ninapotandika kile kitanda swali liko pale pale, limelala.

Wiki iliyopita Mahpari alikuwa anafua bandeji zake za mikono, akasema bila kunitazama, "Bibi, ile Ijumaa nilijua."

"Ulijua nini?"

"Vidole vyake. Vilinigusa kama kitambaa kilicholowa. Nikapiga kelele za furaha ili asijue kwamba nimejua."

"Ukaenda hivyo hivyo?"

"Ningekataa angeelewa. Na wewe je, Bibi? Ulijua?"

Nikamwambia yote, kikombe, mkate, daktari. Hakunilaumu. Alikamua bandeji mpaka zikakauka, kisha akaja kukaa karibu nami. Kumbe siku ile tulikuwa watatu katika chumba kimoja, kila mtu amemfungia mwenzake mlango kwa upendo.

Majaribio yamefika tena, ni Jumapili hii. Mahpari anasema kinachomkaba si kushindwa. Ni kwamba hatajua kamwe kama angekuponyoka mkono wako ukiwa mzima. Klabuni wanamwambia ana kasi, haamini. Ananiuliza, "Bibi, ningemtoka?" Mimi sijui, Baba Sabzal. Wa kutuambia ulikuwa wewe, na hukusema. Nimemwambia aende bila kujua, maana hata wewe ulimruhusu kwa mkono usiofunga, bila kujua. Amefunga mkoba wake.

Khitma itasomwa Alhamisi baada ya alasiri, hapa nyumbani. Ngazi ni nyembamba, wageni wapande mmoja mmoja.

Unakumbukwa na mkeo Zarbibi, mwanao Sabzal aliyeko Maskati, mkweo Naz Khatun, mjukuu wako Mahpari, na wote uliowafundisha. Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Sisi tutakukumbuka siku zote tutakazopewa.