Madoa kwenye maharage ya Mitwaba

Lubumbashi, Jumanne, mwezi wa pili. Mvua imeanza kabla ya mapambazuko na haijaacha. Kifua kizito. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena.

Leo nimesema nilichokuwa nakificha.

Chini ya dirisha langu kuna mstari mmoja wa maharage. Mbegu yake ilitoka kijijini kwetu, Mitwaba; mama yangu alimpa mke wangu tulipooana. Kwetu mbegu hiyo hainunuliwi, mama humkabidhi binti au mke wa mwanawe. Mke wangu alifariki kabla ya kumpa binti yetu Odette, na ile ya akiba imeliwa na wadudu. Umebaki mstari huu. Mimi sitaona mavuno mengine.

Odette anafanya biashara Mokambo, mpakani. Alikuja kuniuguza niliposhindwa kusimama. Majani yalipotoka madoa, aliamua kuyatibu. Kila asubuhi, yakiwa bado yamelowa, alipita mche kwa mche akichuma yenye madoa, huku akinichokoza dirishani:

"Papa, weye profesere muzima ya mimea, na maharagi yako iko inakufa mbele yako!"

Nilikuwa nacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu nzuri.

Nimefundisha elimu ya mimea maisha yangu yote. Nilijua madoa yale ni ya kuvu. Nilijua pia kwamba mkono ulioshika jani lenye maji hubeba vijimbegu vya kuvu hadi mche unaofuata. Odette alikuwa anausambaza ugonjwa kwa vidole vyake. Nilinyamaza, kwa sababu niliogopa kwamba nikisema, hatakuja tena dirishani.

Sina sababu nyingine.

Wanafunzi walikuwa wananiuliza kwa nini mmea haujilindi siku zote. Niliwaeleza kwamba jeni za kinga zimo katika kila seli, lakini zimefungwa. Kuna protini zinazozizuia, maana mmea ulio vitani kila siku haukui. Kuvu ikigusa jani, seli hutambua vipande vya ukuta wa kuvu hiyo. Habari inafika kwenye kiini, kizuizi kinaondoka, jeni zinaanza kazi, na seli inatengeneza vimeng'enya vya kuukata ukuta ule. Seli zilizoguswa kwanza hufa upesi, ili kuvu ikose chakula. Hapo linabaki doa dogo, kavu, lisilopanuka.

Mara nyingi mmea unaoshindwa una jeni zilezile. Unazifungua kwa kuchelewa, basi.

Sikupata kuwaambia wanafunzi jinsi jambo hilo linavyosikitisha.

Asubuhi hii nimeona doa jeusi kwenye ganda: ugonjwa umeifikia mbegu yenyewe. Nikamwita Odette, nikamweleza yote. Alisimama kwenye mvua akiangalia mikono yake.

"Ulikuwa unayua? Kila siku, uko unaniangalia tu?"

"Nilikuwa nayua, mama."

"Shi ungenambia, Papa. Ningekaa tu hapa na weye, hata bila maharagi."

Nilimwonyesha mche wa mwisho, karibu na ukuta, ambao madoa yake yamebaki madogo na makavu. Nikamwomba asiuguse mpaka jua liukaushe. Maganda yake yakikomaa, hiyo ndiyo mbegu ya Odette ya kupeleka Mokambo. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akanawa mikono kwenye ndoo, kwa muda mrefu sana, akaingia jikoni.

Mpaka sasa hajaja kwangu. Nasikia anakata mboga, anaacha, anakata tena.

Naogopa kumaliza siku zangu nyumba ikiwa kimya hivi. Nimwite, au ni haki yake kukasirika kwanza?