Chupa ya Udongo ya Neema

Mama,

Ni miye, Trésor wako, ule ulisema hata jina lake linamushinda kuandika. Angalia sasa: barua nzima, na hakuna muntu alinishika mukono. Masomo niliacha, ndiyo, lakini akili haikuniacha.

Bon, habari za nyumba. Ndugu yako, Tonton Déo, amehamia kwetu. Analala mu chumba chako na anakoroma kama treni inaingia Gare du Midi. Mudogo wangu Neema, anayeniita Yaya, yuko deuxième primaire, darasa la pili, ameota meno ya mbele. Na bado anangoja urudi kutoka Bukavu.

Ndiyo, Mama. Bado. Pale ku hospitali ulisema: "Mutoto asiambiwe. Sema nimeenda kuuguza nyanya." Siku ya kukuzika alipelekwa mbali, Liège, kwa rafiki yako maman Béa, akala frites za viazi, akarudi anaimba. Ulinichagua miye juu najua kudanganya. Ni kweli, mu mutaa wetu wote wa Auderghem hakuna anayenipita. Lakini ulinipa uongo wako, kisha ukaenda zako. Mama gani anafanya vile?

Sikia yenye imetokea. Majani yalipoanza kuanguka, madamu wao wa shule alipeleka kalasi yote mu pori. Wakaokota majani, wakaokota na marrons, zile mbegu za kahawia za miti. Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza mu inchi hii ya baridi, uliokota zile za barabarani, ukazitokosa kama karanga, ukasema Wazungu wanachezea chakula? Tonton na miye tulitapika. Weye uliendelea kutafuna, kwa kiburi tu! Kumbe njo kwako nimerithi.

Neema alichora nungunungu, akamubandikia majani kuwa miiba. Nikamwambia nungunungu wake anafanana na Tonton akiamka. Akanipiga teke.

Kisha kila mutoto akajaza udongo mu chupa tupu ya konfitiri ya mukate, akazika kipande cha tunda la pomme, jani moja, na kifuniko cha plastiki. Wangoje wiki nyingi, waone nini inaoza na nini inabaki.

Jana wazazi waliitwa kuona. Tonton alikuwa ku kazi, nikaenda miye, na koti langu jipya, mamans wote wananiangalia. Neema akamwaga udongo juu ya gazeti, akachokora na kijiko. Pomme, hakuna. Jani limebaki mishipa. Kifuniko chekundu kilikuwa vile vile. Akakifuta na kidole, kikang'aa.

Nilisimama pale, Mama, na vicheko vyangu vyote vikaniisha.

Tukirudi, akatoa jani ingine mu mufuko, la njano, limenyooka. Akasema: "Hili nililikausha ndani ya Biblia ya Mama. Halitaoza mupaka arudi. Yaya, atarudi kabla ya siku kuu ya Noël?"

Miye, bingwa wa uongo! Nikasema, "Sijui."

Akanivuta koti. "Si weye unajuaka kila kitu?"

Akatangulia peke yake mupaka mulango.

Nimekukasirikia, Mama. Wacha niseme. Uliogopa kuona machozi yake, ukaniachia miye niyaone. Tonton anasema tungoje akomae. Akomae na nini? Kila asubuhi anauliza kama umepiga simu, na kila asubuhi namudanganya tena, nazika kifuniko kingine. Hiki kitu hakiozi. Hata akifika miaka makumi mbili atakichimbua, na mukono wangu njo ataukuta juu yake.

Donc, Dimanche, kanisa ikiisha, nakuja naye hapo ulipo, ku kaburi. Nitamwambia miye mwenyewe, bila utani. Akilia, nitamushika. Akinipiga teke, napokea yote. Tonton akinifukuza, marafiki ninao wengi, wote wananiogopa kidogo. Na nikishamwambia ile moja, sitamudanganya tena. Hata juu ya nungunungu wake.

Ulikuwa mama muzuri, na hapa ulikosa. Vyote viwili ni kweli.

Kaa tayari, Mama. Jani la njano analeta yeye.

Dimanche unarudi kutoka Bukavu.

Trésor