Filamu Iliyomwamsha Mtoto

Eldoret, Jumamosi, Agosti 1973

Waliotengeneza filamu wameiharibu kabisa hadithi yangu. Kile kitabu cha malkia na joka nimekisoma tangu nikiwa msichana wa shule, na tangu tumzike mwanetu Kariuki ndicho kinachonifariji, kwa sababu malkia pia anamzika wake.

Njoroge, mume wangu, hajamtaja mtoto tangu mazishi. Anazungumza tu juu ya shamba tulilonunua Burnt Forest, ambako tunahamia Jumatatu. Kwa hiyo niliposikia filamu ya katuni ya kitabu hicho imefika mjini, nikamwomba twende. Nilifikiri akimwona malkia akilia kando ya kaburi, huenda akasema neno.

Kaburi halikuwepo! Joka lilicheza dansi ya twisti, likampulizia mtoto wa malkia pumzi, akaamka akiimba. Watu wakapiga makofi. Njoroge pia.

Tukiwa njiani akasema, "Wangari, hadithi nzuri hiyo. Mtoto ameamka."

"Kitabuni haamki," nikamwambia.

Akasimama. Nikadhani sasa atasema.

"Basi hicho kitabu usikibebe shambani," akasema, akaendelea kutembea.

Nimekifunga ndani ya blanketi la Kariuki. Akitaka kukitupa, atavitupa vyote viwili kwa mkono wake.