Sanduku la Sigara za Baba

San Luis, Pinar del Río

Kaka Leovigildo,

Baba alitoka hospitali jana, baada ya miezi miwili, na anapumua vizuri. Sasa kaa chini nikwambie habari za sanduku.

Zile sigara nene alizosokota mwenyewe mwaka ule ulipoondoka, akaapa hazitaguswa mpaka urudi, nilizisahau. Wiki tatu za mwanzo nilishinda hospitali, na kitambaa cha maji kinachozipa unyevu kikakauka humo sandukuni. Nilipobonyeza moja, ikalia kama jani kavu. Kwa hofu nikatumbukiza sifongo iliyolowa chapachapa. Jirani yetu Eudosia, aliyesokota sigara meza moja na Baba, nusura anipige.

"We Nereida, unataka zipasuke? Zinyweshe polepole, kama mgonjwa!"

Nikaitoa sifongo. Nikaweka nusu bilauri ya maji kabatini, kando ya sanduku, nikaacha kifuniko wazi kidogo. Kila siku nilizigeuza huku nikisali.

Jana Baba hata kahawa hakuonja, alikwenda moja kwa moja sandukuni. Alichukua moja, akaibonyeza sikioni.

"Hailii," akasema. "Ila hii ilishawahi kuona kiu."

Nilicheka mpaka machozi, Kaka. Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia barua nyingine kabisa.

Daktari amempiga marufuku kuvuta. Basi yeye kapanga hivi: wewe utavuta, naye atakaa upande unakokwenda moshi.

Usikawie.

Dada yako,
Nereida